Mkono Uliosomea Ng'ombe

Kateni kucha. Hilo ndilo la kwanza, na najua mtacheka. Lakini niliwahi kuletewa binti ana kucha za saluni, nyekundu, ndefu, eti anataka kufundishwa kupima mimba ya ng'ombe. Nikamwambia, mwanangu, unakokwenda kutia mkono ni kwenye utumbo wa kiumbe hai. Ukiuchana, mnyama atakufa siku ya tatu, na hakuna atakayejua kuwa ni wewe ila wewe mwenyewe na Mungu wako. Alikwenda akazikata, akafanya kazi wiki mbili, akaacha. Siku hizi yuko ofisini huko Katy, nje ya Houston, kucha zimerudi, na tukikutana harusini hunionyesha kwa mbali.

La pili, vueni pete na saa. Zamani chuoni kwetu glovu zilikuwa za wakubwa, sisi wanafunzi tulipaka sabuni mpaka begani tukaingia hivyo hivyo. Kulikuwa na kaka mmoja, bwana harusi mpya, alipotoa mkono pete haipo. Tulishinda nyuma ya yule ng'ombe siku mbili, watu sita na makoleo, tunasubiri majaliwa. Pete ilipatikana. Mkewe hajaambiwa mpaka leo, na kama anasoma haya, anisamehe.

La tatu ndilo lililonifanya nikae niandike. Nitalifikia. Nikilikimbilia sasa hivi mtaniona bibi anayetisha watu bure.

Mimi ni Mwanaidi, wengi mnaniita Bi Mwana. Kwetu ni Korogwe. Nimefanya kazi ya ng'ombe miaka thelathini na ushei, nusu ya kwanza kwetu Tanga nikiwa bwana mifugo, maana hata mwanamke vijijini walimwita bwana mifugo, na nusu ya pili hapa Texas, kwenye mazizi ya kaskazini ya Fort Worth. Sasa nimestaafu, nakaa Missouri City, hapa hapa Texas, kwa binti yangu Zuhura, ambaye ni nesi, na kazi yangu kubwa ni kungoja wajukuu watoke shule. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, tunaelewana.

Tangu nilipozungumza kwenye mkutano wa jumuiya yetu, simu haipumziki. "Bi Mwana, eti ni kweli mtu asiye daktari wa mifugo anaweza kupewa kadi ya kupima ng'ombe wa kusafirishwa? Nina-apply wapi?" Ni kweli, ila msikimbilie fomu. Ng'ombe wanaouzwa nje wakiwa hai ni wengi na madaktari ni wachache, kwa hiyo wasafirishaji wa huku walianzisha mpango wa majaribio. Mtu afundishwe, atahiniwe, apewe kadi, apime chini ya jina la daktari mmoja anayemsimamia. Walipoanza tulikuwa watu wanne tu tuliopata kadi. Na wapo madaktari waliosema wazi kwamba huu ni upuuzi, mtu hasomi miaka minane ili aje kulinganishwa na watu waliookotwa zizini. Walikuwa wanangoja kosa moja. Kila asubuhi nilipokwenda kazini nilijua kuna watu mahali fulani wanangoja kosa langu.

Kanuni ya kazi ni fupi: mtamba mwenye mimba hapandi meli. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Safari ni ya wiki nyingi, meli inatikisika, wanyama wamesongamana. Akishikwa na uchungu humo ndani hana pa kujitenga. Ndama anakanyagwa, na mara nyingi mama naye haponi. Kwa hiyo mpimaji akisema "mtupu", amesema mnyama huyu apande. Neno moja tu hilo, unalitamka huku umesimama kwenye mavi, na karani anaandika.

Sasa nieleze habari ya mikono.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alitulea kama wengi wenu mlivyolelewa. Mkono wa kulia ni wa kula, wa kusalimia na wa kupokea kitu cha mtu. Wa kushoto una kazi zake za msalani. Nilipofika chuo cha mifugo, mwalimu wetu, mzee mmoja mkali mwenye sauti ya adhana, alituambia: "Chagueni mkono mmoja. Ukishachagua, huo ndio utakaosoma. Usiuchanganye na mwenzake." Hatukuhitaji kufikiri. Darasa zima, Waislamu na Wakristo, tulitia mkono wa kushoto. Nani atatia mkono wa kulia kwenye haja kubwa ya ng'ombe halafu mchana akakae kwenye sinia la wali na wenzake?

Basi mkono wangu wa kushoto ukasoma. Si utani, mkono unasoma. Mimba ya miezi miwili, upande mmoja wa kizazi umevimba kidogo na ngozi yake inateleza kati ya vidole. Miezi mitatu, minne, unagusa kitu kinaogelea. Ikifika mitano, sita, hapo ndipo wanapoanguka wengi: kizazi kimekuwa kizito, kimezama tumboni, mkono hauoni kitu. Mvivu anasema mtupu. Mjuzi anazama mpaka begani, anatafuta mshipa mkubwa wa damu pembeni, anaushika kwa vidole viwili. Kama mimba ipo, mshipa ule haudundi, unatetema, kama simu iliyozimwa mlio ikiita mfukoni. Ukishausikia mara moja hutausahau.

Siku ya mtihani wangu hapa nilipewa mitamba hamsini. Msimamizi alikuwa Daktari Wade, mtu mrefu, mkimya, mwenye masharubu. Mimi napima, nasema, yeye anafuata nyuma na mashine ya picha, ile ya ultrasound inayoonyesha tumboni, hasemi lolote. Wanyama hamsini, mtu hasemi! Nilitoka jasho mpaka kwenye viatu. Kwa wa thelathini hivi nikamuuliza kama nakwenda vizuri. Akasema, "Miss Mwana, bado ishirini." Mwishoni alifunga daftari lake akaniambia nikale. Ndivyo nilivyojua nimefaulu.

Aliyenifuata kujifunza alikuwa Furaha. Ni Mkongo wa Kivu, alikuwa anakaa Haltom City na watoto wake watatu, akifungasha mizigo kwenye ghala. Amekulia kwenye ng'ombe mpaka vita vilipowatawanya wao na ng'ombe wao. Siku ya kwanza alifika zizini hakuniangalia mimi, alikwenda moja kwa moja kwa mtamba mmoja akamkuna chini ya kidevu, akafumba macho. Nikamwacha dakika nzima. Halafu nikamwambia, "Dada, kazi iko upande wa pili." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ili upate kadi unahitaji daftari la mazoezi. Kila mnyama unayempima, mwenye kadi anampima baada yako na kusaini. Daftari la Furaha lilikuwa na wanyama wengi mno, karibu linajaa, na kila ukurasa ulikuwa na sahihi yangu. Ukurasa mmoja na nusu ulibaki. Mwenye zizi alishamwambia, siku kadi inatoka, kazi ya kudumu ni yake, aachane na ghala. Alikuwa ameshawaambia wanawe. Nami nilikuwa namwona anavyolifunga lile daftari kwenye mfuko wa plastiki kila jioni, mifuko miwili, kama mtu anayefunga pasipoti.

Hapo ndipo bega langu lilipoanza.

Lilianza kama kitu kidogo, kuchoma tu nikichana nywele. Nikapaka dawa ya kuchua. Baadaye nikawa sivai sidiria bila kusema bismillahi mara tatu. Nikakaa kimya. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi. Nilijiambia ukurasa mmoja na nusu tu, nimalizie daftari la Furaha, halafu nitakwenda hospitali. Na ukweli wenyewe, niwaambie bila kuficha, niliona haya. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mfano unaoonyeshwa wageni, eti huyu hapa si daktari na anapima kuliko madaktari. Leo niseme mkono umekufa?

Zuhura alinishuku. Alinipigia simu ya video. "Mama, nyanyua mikono yote miwili juu nikuone."

Nikanyanyua wa kulia.

"Na wa kushoto."

"Huo ndio wa kushoto. Simu inageuza picha."

"Mama! Mimi ni nesi, usinifanye mtoto. Mficha maradhi kilio humfichua."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Nilikaa pale kitandani na simu mkononi, kama mwizi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mitamba mia moja na arobaini. Furaha hakuwepo, alikuwa na zamu ghalani. Mia wa kwanza walikwenda vizuri, kwa maumivu lakini vizuri. Wa mia na moja alitingisha kiuno ndani ya kibanio, kile kizuizi cha vyuma cha kumshikia ng'ombe, nikasikia begani kitu kimekatika, ta, kama uzi. Mkono ukaning'inia tu. Karani yuko mbele na orodha, hakuona. Malori yamepangwa nje, injini zinaunguruma, Daktari Wade ameshatangulia Houston kupokea. Nikavua glovu ya kushoto. Nikavaa ya kulia.

Sikilizeni vizuri hapa, vijana wangu, kwa sababu hili ndilo la tatu nililowaahidi. Mkono wangu wa kulia haukuwa umesoma. Na si hivyo tu. Ulikuwa unaona haya. Nilipouingiza, kila kitu nilicholelewa nacho kilisema utoe huo mkono, huo ni mkono wa kulia chakula. Glovu ninayo, plastiki mpaka begani, najua kabisa, lakini haya haijui glovu. Nikawa naingiza mpaka kwenye kiwiko, napapasa, sikuti kitu, natoa haraka. "Mtupu." Mwingine. "Mtupu." Arobaini. Kwa sauti ile ile ya siku zote. Karani akaandika, nikasaini kwa mkono ule ule wa kulia, malori yakaondoka.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nililala na barafu begani. Ijumaa nikataka kujipikia chapati, nikakanda unga kwa mkono mmoja, wa kulia. Nikawa naangalia mkono unavyozama kwenye unga. Ukafika kwenye kifundo. Nikasimama. Nikamkumbuka mtamba mmoja mwekundu, hereni yake nyeupe sikioni, namba kumi na nne. Alipotoka kwenye kibanio nilimwona nyuma, tumbo la upande wa kulia limejaa, na chuchu zimeanza kushuka. Jicho liliona. Nikalinyamazisha. Sikufika kwenye mshipa kwa yule, wala kwa wale wenzake thelathini na tisa. Meli ilikuwa inapakia Jumapili.

Wallahi, sijawahi kuogopa vile. Nilikaa sakafuni jikoni na unga mikononi. Nilianza kujitetea peke yangu, kwa sauti. Labda ameshiba tu. Labda ndivyo alivyo. Mitamba wa shamba lile walikotoka hawakuwekewa dume, wenye shamba walisema. Halafu nikaona bahari, na mtamba mwekundu anajikamua katikati ya miguu ya wenzake, na hakuna mtu anayejua jina langu huko. Nikampigia Daktari Wade, simu haikupokelewa. Sikuacha ujumbe. Niliposikia ile sauti ya mashine nikakata, nikashukuru Mungu kwamba hakupokea, halafu nikaona aibu kwa kushukuru.

Nikampigia Furaha. Nilimwambia tu, "Kesho unaweza kuniendesha mpaka Houston? Mkono wangu hauwezi usukani."

Akaja asubuhi na chai kwenye chupa. Mpaka tumepita Dallas sijasema kitu. Naye hakuuliza. Ile barabara ya kushuka Houston nimeipita mara ngapi sijui, ila siku ile kila lori la ng'ombe tulilolikuta niligeuza kichwa kutafuta hereni nyeupe, na hali najua wale wangu walishafika siku tatu zilizopita. Katikati ya safari tulisimama kujaza mafuta. Nikamweleza yote, bega, mkono wa kulia, namba kumi na nne.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Na daftari yangu, Mama?"

"Nikinyang'anywa kadi, kila nilichosaini kinaweza kufutwa."

"Yote?"

"Yote."

Akatazama barabara. Magari yanapita. Akasema, "Watoto nimeshabaambia." Halafu akamimina chai iliyobaki chini, akaingia garini, akawasha. Nilidhani atageuza kurudi Haltom City, na niseme kweli, sehemu ya moyo wangu ilitaka ageuze. Hakugeuza.

Zizi la mapumziko, wanapongojea meli ng'ombe, lipo nje ya mji, kabla ya bandari. Daktari Wade alikuwa kwenye kivuli cha lori anajaza makaratasi. Nikasimama mbele yake nikashindwa kuanza. Nikasema, "Daktari, nyanyua mikono yako juu." Akanitazama kama nimeshikwa na jua. Nikanyanyua yangu. Wa kulia ukaenda juu, wa kushoto ukaishia kifuani. "Tangu wa mia na moja," nikamwambia. "Arobaini wa mwisho. Sikufika."

Hakufoka. Ningependa afoke. Alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Akasema, "Tutawarudia wote arobaini. Wote wakiwa watupu, nitaandika onyo, kadi yako inabaki na daftari la huyu linabaki. Nikikuta mmoja tu ana mimba, kadi imekwisha, na kila sahihi yako kwenye lile daftari imekwisha nayo. Hiyo siyo sheria yangu, Miss Mwana."

Muda ulikuwa mdogo, mashine ya picha haikuwepo, na pale palikuwa na vibanio viwili. Akasema ishirini wapite kwake, ishirini kwa Furaha. Mwenye wasiwasi amwite mwenzake, asiye na wasiwasi aseme na apitishe. Mimi nikapewa orodha na kalamu nisimame katikati.

Wakaanza. Mtupu huku, mtupu kule. Kumi wakapita, kumi na tano. Kila "mtupu" niliyoandika nilihisi pumzi inarudi kidogo. Nikaanza kutumaini, na mnajua tumaini la mtu mwenye kosa lilivyo, linakuja na maombi ya ajabu. Nilimwomba Mungu mtamba awe ameshiba.

Halafu nikaona hereni nyeupe inaingia upande wa Furaha. Namba kumi na nne.

Alitia mkono wa kushoto, kama nilivyomfundisha. Akaenda mpaka kiwiko, akaenda mpaka begani, shavu lake likagusa kiuno cha mnyama. Akasimama hivyo. Daktari yuko upande wake, ametupa mgongo, anahangaika na mtamba mkorofi. Hapakuwa na mwingine aliyekuwa anatutazama. Furaha akanigeuzia macho. Nami nilishausikia ule mshipa, nimesimama mbali vile, nikausikia kwenye uso wake. Tulitazamana. Wala hakuhitaji kusema uongo mkubwa, ni neno lile lile ambalo sote tulikuwa tunalisema tangu asubuhi. Sikumwambia kitu. Ningeweza kutikisa kichwa nimwambie sema kweli, ndiyo kazi ya mwalimu, sikutikisa. Hilo nalo ni langu, silipunguzi.

"Iko, Mama," akasema polepole. Halafu akapaza sauti kwa Kiingereza, zizi zima likasikia: huyu ana mimba, miezi sita, njoo uhakikishe.

Daktari akaja, akavaa glovu mpya, akaingia. Hakukaa sana. "Sita," akasema. "Imekwenda sita."

Waliobaki wote walikuwa watupu. Mmoja tu katika arobaini, mnaona? Ukimhesabia mtu atakwambia si mbaya. Aliyetiwa rangi mgongoni na kurudishwa shambani ni huyo mmoja, na angepanda meli ni huyo huyo mmoja.

Kadi yangu niliitoa mwenyewe kwenye pochi. Aliikata kwa mkasi wa kukatia kamba, vipande viwili, akanirudishia vyote. Halafu akamwomba Furaha daftari. Furaha akafungua mfuko wa kwanza, akafungua wa pili. Daktari akakaa juu ya ndoo akavuta mstari kwenye kila ukurasa, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, na sisi wawili tumesimama tunaangalia. Alipomaliza akamwambia, "Jumatatu saa moja asubuhi. Leta daftari jipya. Safari hii nitasaini mimi." Akasimama akaenda kwenye makaratasi yake.

Njiani kurudi Furaha aliendesha mpaka tukatoka mjini, akaegesha pembeni ya duka moja, akalia. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Nilimwita mwanangu wakati ana miaka thelathini na kitu. Akafuta pua kwa mkono wa nguo. "Mi nalifikiri kusema hakuna, Mama. Nalifikiri kabisa. Lakini ile mshipa ningekuwa naisikia mu mkono kila siku." Akanyoosha vidole vya kushoto akaviangalia. Tukanunua mahindi ya kukaanga tukala njiani mpaka Dallas.

Bega lilifanyiwa upasuaji, Zuhura akinisema kuanzia siku ya kuingia mpaka nyuzi zilipotolewa, na alikuwa na haki. Mpango wetu ulisimamishwa kwa muda. Waliokuwa wanangoja kosa walilipata, na jina lililotajwa lilikuwa langu. Wenzangu watatu wenye kadi walikaa nyumbani kwa ajili yangu, na mmoja wao hanisalimii hadi leo. Baadaye ukarudishwa. Yule mtamba alizaa dume. Nililetewa picha, ipo kwenye friji, wajukuu wanadhani ni pambo.

Furaha alianza ukurasa wa kwanza. Alipima wote upya, mmoja mmoja, akitoka ghalani akienda zizini, na alipata kadi yake. Sasa yeye ndiye anayefundisha. Wengi wenu mtakaopita kwenye kazi hii mtapita mikononi mwake. Nisingewaandikia kama mngekuwa mnapita mikononi mwangu.

Mwezi uliopita Zuhura alinipeleka kumtembelea. Nilivaa buti zangu za zamani, nikasema labda nitashika hata orodha. Asubuhi kabla ya mnyama wa kwanza kuingia, Furaha aliwapanga wapimaji wake mstari mmoja kama watoto wa shule ya msingi. "Mikono juu," akasema. "Yote mbili." Wote wakanyanyua. Kulikuwa na kijana mmoja Mkenya mkono wake ulisita njiani. Furaha hakumuuliza kitu, akamwonyesha kiti, kijana akaenda kukaa, hakuna aliyecheka. Akaendelea na mstari, akafika mwisho, akanikuta mimi.

"Mama. Juu."

"Aa, mimi mgeni tu."

"Juu."

Nikanyanyua. Wa kulia ulifika. Wa kushoto, baada ya upasuaji na mazoezi yote yale, uliishia sikioni. Niliusukuma. Niliuma meno nikausukuma tena, watu wote wanatazama, na ukabaki pale pale.

"Kiti iko pale, Mama," Furaha akasema, taratibu.

Nikaenda nikakaa.